Konstanti ni za asili kweli au ni makubaliano tu ya watu?

Wakuu, mimi nasema nje ya hesabu hakuna konstanti, yaani namba isiyobadilika, kuna vikao tu. Karatasi ya fizikia ya NECTA, baraza la mitihani, inakwambia g, yaani mchapuko wa mvuto wa dunia, ni 10, ukipima hapa Dar unapata kama 9.78, kule kwenye ncha za dunia inafika 9.83, sasa konstanti gani inapanda na kushuka kama bei ya nyanya? Kasi ya mwanga nayo ni mita 299,792,458 kwa sekunde, kamili, haina pointi, kwa sababu mwaka 1983 wakubwa wa vipimo walikaa wakaipitisha hivyo, mita ndo ikawa inaifuata. Uchumi ndo usiseme, Pato la Taifa linapigwa kwa bei za 2015 wakati sokoni hizo bei hakuna anayezikumbuka.

—Mkuu unachanganya madesa. g ndogo haijawahi kuwa konstanti ya asili, ile 10 ni ya kumrahisishia mtoto mahesabu basi. Hao wa 1983 walipanga namba, mwanga hawakuugusa, kesho wakipitisha azimio mwanga upunguze mwendo utapunguza? Na bei za 2015 ni kwamba wamezigandisha makusudi ili uone uzalishaji umekua au ni mfumuko tu, hakuna aliyesema bei hazibadiliki.

—Mimi naongezea konstanti ya Hubble, ile ya kasi ya ulimwengu kutanuka, maana hata wanasayansi wenyewe inawatoa jasho. Wanaopima kwa mabaki ya mwanga wa mwanzo wa ulimwengu wanapata kama 67, wanaotumia nyota na supanova, yaani nyota zinazolipuka, wanapata kama 73, na thamani yenyewe inabadilika kadiri ulimwengu unavyozeeka, ila bado inaitwa konstanti sijui kwa roho gani.

—Mleta mada hapa. Si ndo mnanipa pointi jamani! Mpaka Mei 2019 kilo ilikuwa kipande cha metali kwenye kabati pale Sèvres, Ufaransa, siku hizi wanaitoa kwenye konstanti ya Planck, ile inayounganisha nishati ya mwanga na marudio yake, nayo namba yake imepigwa muhuri. Kikao tena.

—Sawa, basi tuache zenye mita na kilo. Kuna ile inayopima nguvu ya umeme na sumaku kati ya chembe, karibu 1 gawanya kwa 137, haina kipimo chochote, ubadilishe mita, kilo, sekunde, yenyewe inabaki palepale. Hiyo nayo ilipitishwa kikao gani mkuu?