Niko Delhi na mama mgonjwa: Ranthambore usiku mmoja unatosha kumwona chui milia?

Binti_Tabata:
Wakuu habari zenu. Niko Delhi na mama, tumekuja kwa upasuaji wa nyonga. Namshukuru Mungu umekwenda salama, na wiki ijayo kaka anaingia kunipokea zamu. Kabla sijarudi Dar nina upenyo kidogo, na chui milia namtamani tangu niko shule ya msingi. Jamaa wa nyumba ya wageni tunayokaa anasema atanipeleka Ranthambore, hifadhi ya chui milia huko Rajasthan, nalala usiku mmoja, naingia porini mara moja, narudi. Anataka hela yote leo. Je, inatosha? Nichukue lile kenta au jipu? Na ni kweli watu wanalipa halafu wanaambulia kupiga picha tausi? Itakuwa mwisho wa Machi.

Mzalendo_Halisi:
Mtu ana Serengeti kwao halafu anamlipa Mhindi amwonyeshe paka mkubwa. Kweli kuishi kwingi.

Dereva_wa_Karatu:
Dada pole na mauguzi. Huyo wa hapo juu msamehe. Mimi nimebeba wageni waliotoka nchi zenye dubu na mbwamwitu, wakaja kutokwa na machozi kwa pundamilia.

Naendesha watalii Manyara, Ngorongoro na Serengeti. Ranthambore nilipelekwa na bosi wangu, Mhindi wa Arusha, alipoozesha kijana wake Jaipur. Kwa hiyo nakueleza nilivyopaona kwa jicho la mtu wa kazi hiyo hiyo.

Kuingia mara moja usikubali. Kuna zamu mbili kwa siku, alfajiri na alasiri, kila moja kama masaa matatu na nusu. Lala siku mbili uingie hata mara tatu. Simba wetu wanakaa kundi, majani yakiwa mafupi unawaona toka mbali. Chui milia anatembea peke yake kwenye vichaka vya miti ya dhok, na hifadhi nzima wapo zaidi kidogo ya 60. Tena kila gari lina zoni yake iliyoandikwa kwenye kibali. Ukisikia kaonekana zoni ya jirani, imekula kwako.

Halafu kule mnyama anatafutwa kwa masikio. Hiyo ndiyo iliyonifurahisha kuliko yote. Mwongozaji wetu, mzee mmoja mkimya, alionyesha unyayo kwenye vumbi, umekanyaga juu ya alama za matairi ya magari yaliyotutangulia. Maana yake kapita baada yao. Akaamuru injini izimwe. Tukakaa. Chitali, yule kulungu wa madoa, akapiga ukelele mwembamba. Mzee hata hakugeuza shingo, maana chitali anapiga kelele hata kwa kivuli chake. Baadaye kidogo sambari akatoa mlio mmoja mzito, "pomm", mkia juu, anapiga kwato la mbele chini. Sambari ni kulungu mkubwa, hasumbuki kwa mbweha. Hapo mzee akamgusa dereva begani.

Akatoka jike. Hakututazama. Akageuka, akaupa mti kisogo, akaunyunyizia mkojo, akaingia kwenye majani makavu. Alikuwa hatua kumi kutoka kwenye gari na sikumwona tena. Mimi ambaye kazi yangu ni kuona wanyama.

Sasa jipu au kenta: jipu. Wanatumia Gypsy ya watu 6, iko wazi juu. Kenta linabeba 20, na ndani ya hao 20 hakosi mwenye pakiti ya krispi na mwenye mtoto anayelia. Mlio wa sambari utausikilizia wapi? Ila Gypsy huisha mapema, ndiyo maana madalali wanakimbilia kukuuzia kenta.

Huyo jamaa usimpe hela kabla hujaona kibali chenye jina lako, namba ya pasipoti, tarehe na zoni. Vibali vinauzwa kwenye tovuti ya serikali ya Rajasthan. Mgeni analipa zaidi ya mwenyeji, kama ilivyo kwetu, usije ukagombana na mtu getini. Zoni 1 hadi 5 ndizo za kiini cha hifadhi, na ya 3 ndiyo yenye maziwa ya Padam Talao na Rajbagh. Mwisho wa Machi maji ya vidimbwi yanaanza kukauka, wanyama wanasogea ziwani. Joto la alasiri utalisikia, lakini wewe ni mtu wa Dar.

Treni: Kota Jan Shatabdi inatoka Hazrat Nizamuddin mchana, jioni uko Sawai Madhopur, mji wa kushukia kwenda hifadhini.

Kijana_wa_Pune:
Kama hataki kwenda mbali kuna Sariska, karibu zaidi na Delhi.

Dereva_wa_Karatu:
Sariska ni pori zuri, ila majangili walimaliza chui milia wote, ikafika 2005 hayupo hata mmoja. Kuanzia 2008 wakaanza kuwarudisha, wakiwabeba kwa helikopta kutoka huko huko Ranthambore. Kwa mtu mwenye nafasi moja, aende kwenye chanzo.

Kijana_wa_Pune:
Sawa mkuu. Dada, huko Ranthambore kuna ngome ya zamani yenye hekalu la Ganesh, watu wanaingia kuabudu. Mwaka 2025 chui milia waliua watu eneo hilo, akiwemo mtoto wa miaka saba aliyekuwa anatoka hekaluni na familia. Ukienda kutazama ngome fuata watakachokuambia askari wa hifadhi, usijitenge na watu kwa ajili ya picha.

Binti_Tabata:
Ahsanteni sana. Yule jamaa nilipomwomba kibali akaanza hadithi, nimeachana naye. Nimepata Gypsy mwenyewe, zoni 3 alasiri na zoni 2 asubuhi yake. Shida mpya: mama kasikia, anasema na yeye anakuja.

Dereva_wa_Karatu:
Zoni 2 chukua. Mama hapana, mwambie shikamoo yangu na samahani. Gypsy unapanda kwa kuinua mguu mpaka kiunoni, na njia zake ni mawe matupu. Hata mwenye nyonga nzima anashuka anajishika. Hapo Delhi kuna bustani ya wanyama karibu na Purana Qila, ina chui milia weupe na vigari vya umeme vya kuzungushia watu. Daktari akiruhusu, kaka ampeleke huko. Ijumaa wanafunga.