Kwa nini Paula anamwamini mumewe kuliko macho yake mwenyewe?

Mleta mada:
Ndugu wanajukwaa, nimeitazama upya filamu ya Gaslight ya mwaka 1944, iliyoongozwa na George Cukor, na kuna jambo linalonitatiza. Paula, anayeigizwa na Ingrid Bergman, anaona taa za gesi zikififia usiku na kusikia nyayo darini, lakini mumewe Gregory anapomwambia kwamba akili yake inaharibika, anaelekea kukubali. Je, amechorwa dhaifu kupita kiasi ili hadithi iende, au ipo mantiki ambayo sijaiona?

Zuhura:
Mleta mada, mimi sioni udhaifu hapo. Naona ukatili uliofanywa kwa subira. Gregory haanzi na taa. Anampa mkewe pini ya vito, anaitia mkobani huku akimwonya kwamba ana mazoea ya kupoteza vitu, na punde pini haionekani. Baadaye picha inatoweka ukutani, na watumishi wanaitwa wakane mbele ya Paula kwamba hawakuigusa. Kila tukio, likitazamwa peke yake, ni dogo kiasi kwamba kulipinga kungeonekana ukaidi, lakini yanapolundikana yanageuka ushahidi dhidi yake. Wakati huohuo wageni wanazuiwa, na siku wanapotoka kwenda kusikiliza muziki, Gregory anamnong'oneza kwamba saa yake imepotea, kisha anaitoa katika mkoba wa Paula, naye anaangua kilio mbele ya watu. Mpishi ana uzito wa masikio, hivyo hasikii nyayo. Nancy, mtumishi kijana, anamdharau waziwazi. Nani amebaki wa kumwambia, "Hata mimi nimeona"? Ndiyo maana mpelelezi Cameron anaposhuhudia taa ikififia, Paula anapata nguvu upya kwa sababu tu kuna mtu mwingine aliyeona.

Msomaji wa Riwaya:
Dada Zuhura, hoja ya mashahidi naikubali, ila inaniuma kwamba shahidi anayeaminika ni mwanamume, tena wa polisi. Hata hivyo, mwisho wa filamu unanipa faraja. Gregory amefungwa kitini na anamsihi mkewe amkate kamba. Paula, kisu kikiwa mkononi, anamjibu kwamba mwendawazimu hawezi kumsaidia mtu. Kila alichosingiziwa anakirejesha kwa aliyemsingizia, na katika maneno hayo hakuna aliyemfundisha la kusema.

Bi. Mwanaidi:
Linganisheni na Rebecca ya Alfred Hitchcock, ya mwaka 1940. Mke wa pili wa Maxim, anayeigizwa na Joan Fontaine, hata jina hakupewa. Danvers, msimamizi wa nyumba, hana haja ya kuficha vitu: anamshawishi ashone vazi la dhifa kwa kuiga mchoro wa ukutani, naye akishuka ngazi kwa furaha, anakuta kwamba Rebecca, mke wa kwanza aliyekwisha kufa, aliwahi kuvaa lilelile. Kisha, dirishani, Danvers anamchochea ajirushe. Akili ya binti huyu haishambuliwi. Kinachoshambuliwa ni thamani yake. Wengi humlaani Danvers peke yake, lakini mimi namlaumu zaidi Maxim, ambaye alijua kwamba hakumpenda Rebecca na bado akamwacha mkewe aamini kinyume chake, siku baada ya siku, wakati sentensi moja kutoka kwake ingemnyima Danvers silaha yote.