Naomba ushauri: benda ya jeki inabonyeza bomba la 25.4 mm

Wakuu habari zenu, hasa mafundi wa chuma.

Nina benda (mashine ya kukunja bomba) ya jeki ya haidroli ya tani 12, ile yenye rola mbili pembeni na kalibu, yaani kipande chenye mfereji wa kulaza bomba, inayosukumwa katikati. Nakunja bomba la fanicha kwa fremu za viti: kipenyo cha nje 25.4 mm, unene 1.5 mm. Kabla ya kufika nyuzi 45, upande wa ndani wa kona unabonyea na bomba linakuwa bapa.

Kalibu zake ni za bomba za maji. Ya inchi moja inapokea bomba la 33.7 mm kwa nje, ya robo tatu 26.9 mm, kwa hiyo langu linacheza hata kwenye hiyo ndogo na kuta hazishikwi. Nimejaza mchanga mkavu uliochekechwa, nikagongagonga mpaka ukashuka wote, nikaziba ncha kwa vizibo vya mbao. Mikunjano ilipungua, ubapa ukabaki. Kupasha moto sitaki, kila kona inatoka na umbo lake.

Nataka kuchongesha kwenye lathe kalibu ya kuzungusha (bomba linavutwa kuizunguka badala ya kusukumwa), mfereji wa 25.4 mm, nusukipenyo cha mkunjo 90 mm hadi katikati ya bomba.

Je, hapo ukuta wa 1.5 mm utafika nyuzi 90 bila mandreli (kiini kigumu cha kuzuia bomba lisibonyee) ndani? Na kiatu kinachobana bomba kwa nje kiwe cha alumini au nailoni ngumu? Nailoni haikwaruzi, ila nahofia italika mapema.