Wauguzi tuliohamia kwenye mifumo, simu na vishikwambi: tupeane uzoefu

Sista wa Wodi Tatu

Wakuu, salaam. Uzi huu ni wa wauguzi na wakunga ambao kazi zao zimebadilika kwa sababu ya teknolojia. Wewe uliyekuwa unapima presha na sasa unafundisha wenzako mfumo, wewe unayepokea simu za rufaa, wewe uliyehamia kwenye takwimu, hata wewe uliyejaribu ukarudi wodini. Faida na hasara za teknolojia tumeshazisoma za kutosha, siziulizi. Nauliza: ukifika kazini unafanya nini hasa, hiyo nafasi uliipataje, na je, cheo na mshahara vimekufuata au vimebaki kulekule?

Naanza mimi. Niko hospitali ya wilaya, barua ya ajira inasema Afisa Muuguzi Msaidizi. Hospitali ilipoingia kwenye mfumo wa kielektroniki, vijana wa Tehama walikuja wakatufundisha harakaharaka, wakaondoka. Haikuchukua muda tukakwama usiku: daktari kaagiza dawa kwenye mfumo, famasi hawaioni, mgonjwa yuko kitandani anasubiri. Afisa Tehama kalala kwake na simu haipatikani. Mimi nilikuwa nimeushika mfumo angalau kuliko wenzangu, basi nikaanza kuitwa. Mpaka leo wodi ikikwama husikii "mwiteni mtu wa kompyuta", unasikia "mwiteni sista".

Kijana wa Tehama anaijua seva, ila hajui kinachotokea wodini saa moja na nusu asubuhi, pale anayekabidhi zamu na anayepokea wote wanaitaka skrini moja. Mfumo wetu ulikuwa unamfungia nje aliyemaliza zamu. Sasa kama ulikuwa na mama wa kifafa cha mimba mpaka dakika ya mwisho, ripoti unaiandika saa ngapi? Watu wakaanza kutumia nywila moja wodi nzima. Ukifungua kumbukumbu unaona nesi mmoja katoa dawa zote, za mchana na za usiku, mwezi mzima hajalala! Siku mkaguzi akitaka kujua nani alichoma sindano gani, huyo dada ana kesi ya kujibu.

Nikachukua karatasi, nikachora hatua zote za kukabidhiana zamu zinavyokwenda kweli, nani anaandika nini na wapi, nikapeleka kwa matroni. Ikafika kwa watengenezaji, wakaturekebishia. Tangu hapo niko kwenye timu ya mfumo. Cheo ni kilekile. Posho ni maji ya chupa na sambusa siku ya kikao. Haya, karibuni.

Dawati la 115

Sista, nimecheka kwenye sambusa. Mimi ni muuguzi wa kiume, nipo dawati la m-mama, ile namba ya bure 115. Kwa wasiojua, huu ni usafiri wa dharura kwa wajawazito, waliojifungua na vichanga. Ulianzia Kanda ya Ziwa, huko Sengerema na Shinyanga, na mwaka 2022 Rais Samia akauzindua kitaifa pale Dodoma.

Kazi yenyewe iko hivi. Simu inaita, upande wa pili ni mhudumu wa zahanati, au mume wa mtu anahema. Nauliza mimba ina muda gani, damu inatoka kiasi gani, presha ikoje kama imepimwa, mama anajitambua? Najaza kwenye kompyuta huku naongea. Mfumo unanionyesha kituo gani kinafaa kwa tatizo hilo na nani wa kumbeba. Kama gari la wagonjwa liko mbali, natafuta dereva wa kijamii aliyesajiliwa, mtu mwenye gari lake la kawaida, halafu analipwa kwa simu baada ya kumfikisha mgonjwa. Nikishampata dereva napiga hospitali anakokwenda: andaeni damu, andaeni chumba, anakuja mama wa namna hii.

Wengi wanadhani ni kazi ya kupokea simu tu, yeyote aweza. Sikubaliani. Kuna usiku alipiga mhudumu anasema mama "anavuja damu kidogo tu", kajifungua jioni. Nikamwambia hesabu vitenge vilivyoloa. Akahesabu, akanyamaza. Kwa hiyo "kidogo" ya mtu aliyechoka usiku wa manane huipokei hivihivi. Nikamwambia anza kuukanda mfuko wa uzazi sasa hivi, angalia kama kibofu kimejaa, mwekee dripu, na simu usikate. Dereva wa kwanza alikuwa kazima simu, wa pili akapatikana. Mama alifika hai. Hapo nilitumia wodi ya wazazi niliyoizunguka miaka, kompyuta ilinisaidia kupanga tu.

Kinachonikera ni kwamba mikono inasahau. Nikipata nafasi naomba zamu labour, chumba cha kujifungulia, la sivyo nitajikuta nauliza maswali ya vitu ambavyo nimesahau vinafananaje.

Mkunga wa Manyara

Hapo kwenye mikono umenigusa. Mimi sikutoka wodini hata kidogo, kazi imenifuata humohumo.

Kituo chetu kiliingia kwenye mpango wa Safer Births, ule ulioanza na utafiti wa hospitali ya Haydom halafu ukasambaa kwenye vituo 30 vya mikoa 5: Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yake yalitoka kwenye jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine mwaka 2025, vifo vya vichanga vilishuka sana. Kwetu mpango ulikuja na vitu viwili. Cha kwanza ni Moyo, kifaa kinachofungwa tumboni kwa mama kinahesabu mapigo ya mtoto. Zamani ni fetoskopu sikioni na saa ukutani, una mama wanne wanasukuma kwa wakati mmoja, utasikiliza wangapi kwa wakati? Sasa mapigo yakishuka kifaa kinalia, na mama mwenyewe anakiona, anakuita: "Sista, namba imekuwa ndogo!"

Cha pili ni mdoli wa kujifunzia kumsaidia mtoto asiyelia. Ukiubana mfuko wa hewa, kishikwambi kinakuambia hewa imeingia au inavuja pembeni ya barakoa, shingo umeilaza vizuri au umeikunja. Hapo ndipo nilipopewa kazi mpya, mwezeshaji wa kituo. Kila wiki nawakusanya wenzangu, madaktari wakiwemo, dakika chache tu, mdoli mezani, tunashindana na ile Dakika ya Dhahabu, dakika ya kwanza baada ya mtoto kuzaliwa. Siku za mwanzo daktari mmoja alikataa, eti yeye hachezi na midoli. Akaja kujaribu wenzake walipotoka, kishikwambi kikamwonyesha hewa yote inaishia nje. Alirudia mpaka akapata. Siku hizi akiingia zamu anauliza mdoli uko wapi.

Kwa hiyo mimi ni mkunga, mwalimu, na mkusanyaji wa takwimu za kila uzazi. Mshahara ni wa mkunga. Ila sitadanganya, kumwonyesha daktari alama zake ni raha ambayo hailipwi.

Kijana wa Zahanati

Naona mnasifiana tu. Ngoja niwarudishe chini.

Zahanati yetu tuko wawili. Siku ya kliniki ya chanjo nina foleni ya akina mama mpaka nje chini ya mwembe. Mtoto mmoja: naandika kwenye kadi yake, naandika kwenye kitabu cha MTUHA (rejesta ya takwimu za kituo), halafu naingiza kwenye kishikwambi. Mwisho wa mwezi najumlisha kwa mkono nipeleke ripoti wilayani. Tuliambiwa kishikwambi kinakuja kupunguza karatasi. Karatasi zipo palepale, kishikwambi kimejiongeza juu yake. Mtandao ukikata naandika pembeni, jioni nabaki naingiza kwa bando langu mwenyewe.

Mnaita kupanuka kwa majukumu, mimi naita kazi mbili kwa mshahara mmoja. Mtu akitaka kuleta mfumo aje na kalenda: tarehe fulani kitabu kinafungwa. Bila hiyo asije.

Kimoja tu nakikubali. Zamani mama akihamia kutoka kijiji kingine na kadi imeliwa na mchwa, unaanza kubahatisha mtoto kachomwa nini. Sasa kama kasajiliwa namtafuta, namwona. Na orodha ya waliokosa tarehe inajitokeza yenyewe, nampa mhudumu wa jamii awafuate majumbani.

Sista wa Wodi Tatu

Kijana, hakuna aliyekupinga. Hilo la kalenda ningependa walisome wanaohusika. Tuendelee.

Nesi wa Trans Nzoia

Hamjambo kutoka Kenya. Mimi ni wa kitambo, nilianza kama nesi wa cheti. Mwaka 2005 shirika la afya la Amref pamoja na Baraza la Wauguzi la Kenya walianzisha masomo kwa njia ya kompyuta ili manesi wa cheti wapate diploma bila kuacha kazi. Tulikuwa zaidi ya 20,000 nchini wa kiwango hicho, na vyuo havingeweza kutuchukua wote hata kwa miaka mingi. Sikuwa nimewahi kushika kipanya. Mwanangu wa darasa la sita ndiye aliyenifundisha kukibofya.

Ile diploma ndiyo iliyonifungulia njia. Sasa nimestaafu kaunti na nafanya kazi kwa huduma moja ya ujumbe wa simu kwa wajawazito. Akina mama wanatuma maswali, mashine inayapanga kulingana na dharura, sisi tunajibu. Mengi ni ya kawaida: naweza kula avokado, mbona miguu inavimba jioni. Halafu katikati ya hayo linaingia: "Naona nyota nyota na kichwa hakiachi kuuma tangu jana." Hilo sijibu kwa maandishi. Napiga simu, namuuliza mimba ni ya miezi mingapi, tumbo la juu linauma, uso umefura? Kisha namwambia toka sasa uende hospitali, usingoje bwana arudi.

Ninachowaambia vijana: jifunzeni kuandika. Muuguzi wa siku hizi anaandika sana na mgonjwa hamuoni uso. Ukimwandikia mama kwa lugha ya ripoti, ataogopa au atapuuza.

Bint Malindi

Assalaam alaykum. Mie Mzanzibari, niko Muscat. Huku hospitali za serikali zinatumia mfumo unaoitwa Al Shifa, Wizara ya Afya ya Oman wameutengeneza wenyewe. Nilikuja kama muuguzi wa wodi, sasa niko kitengo cha kufundisha mfumo. Muuguzi mpya anapita kwetu kwanza, kisha ndiyo akabidhiwe wagonjwa.

Tofauti niliyoiona na nyumbani ni moja: huku nafasi hii ina jina, ina maelezo ya kazi, na ukiomba unafanyiwa usaili wake. Hupewi kwa kuwa eti unajua kompyuta angalau kuliko wenzio. Na muuguzi anayeenda kwenye mfumo, wodini wanaletewa mwengine badala yake. Dada wa Wodi Tatu, wakikuita kikaoni uliza hilo kabla ya sambusa: nani anashika wagonjwa wangu?

Mwaka wa Tatu

Shikamooni wakubwa. Nipo mwaka wa tatu shahada ya uuguzi. Navutiwa sana na upande wa takwimu na mifumo. Je, nikimaliza niende moja kwa moja kusoma informatiki, yaani mifumo ya taarifa za afya, au niingie wodini kwanza? Na nikibadili, napoteza uuguzi?

Mzee wa Data

Marahaba mwanangu. Nilikuwa muuguzi CTC, yaani kliniki ya huduma na matibabu ya VVU, nikawa nashughulika na takwimu za wagonjwa, baadaye nikawa msimamizi wa takwimu kwenye mradi.

Wodi kwanza. Sikuambii hivi ili uteseke kama tulivyoteseka sisi. Mimi nikiona ripoti inasema kituo hakikupata mjamzito hata mmoja mwenye presha robo nzima, sisherehekei, nauliza kama mashine ya presha ni nzima. Mhitimu wa kompyuta pekee ataisifu hiyo ripoti na kuipeleka mbele.

Wakati huohuo anza kujifunza. DHIS2 ndiyo mfumo ambao nchi inautumia kukusanya takwimu za vituo, na kuna kozi yake ya msingi mtandaoni bure, unaisoma kwa mwendo wako. Excel ijue vizuri, usidharau. UDOM (Chuo Kikuu cha Dodoma) wana shahada ya mifumo ya taarifa za afya kama unataka kwenda mbali. Na soma Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, maana naona wauguzi wanatuma picha za mafaili kwenye makundi ya WhatsApp kuomba ushauri, jina la mgonjwa linasomeka mpaka namba ya simu.

Kuhusu kupoteza uuguzi: leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga usiiache ife. Huisha, kusanya pointi zako za mafunzo endelevu, hata kama unashinda mbele ya skrini. Miradi inafungwa. Wetu ulipofungwa, waliokuwa na leseni hai walirudi kazini upesi, wengine walianza kuhangaika na barua. Na kama uko serikalini, usikubali kubadilishiwa kada kabla hujaandikiwa mshahara wako utakuwaje. Maneno ya mdomo ya "tutakuangalia" hayapandi daraja.

Mwaka wa Tatu

Nashukuru sana mzee. Swali la mwisho kwa kaka wa 115: mnapokea wanafunzi wa mazoezi?

Dawati la 115

Sijawahi kuona mwanafunzi akipangwa kwetu rasmi. Njia rahisi, ukiwa kwenye mazoezi ya wodi ya wazazi muombe inchaji, muuguzi msimamizi wa wodi, uwepo rufaa inapopigwa, usikilize upande wa kituo. Andika maswali tunayouliza. Utaona mengi hayajibiki kwa sababu kadi ya mama haikujazwa kliniki. Anzia hapo kuzijaza vizuri, utakuwa umeshaanza kufanya kazi na sisi.

Kijana wa Zahanati

Kadi, kitabu, na kishikwambi. Usisahau, mdogo wangu. Vyote vitatu.