Naomba ushauri: mtoto ananyamaza kila akifika mahakamani

Habari zenu ndugu wanachama. Mimi ni wakili hapa Tanzania, mwaka wa 22 sasa natetea watoto waliotelekezwa na waliofanyiwa ukatili. Nimeona mengi, lakini hili limenikwamisha. (Nimebadilisha mambo madogo ili mtoto asitambulike.)

Nafuatilia shauri kwa niaba ya binti wa miaka 8. Mshtakiwa ni ndugu wa karibu. Kwa bibi yake anaeleza yote bila kusita. Akiingia mahakamani anashika pindo la gauni, anatazama sakafu, kimya. Limeshaahirishwa mara mbili. Tangu marekebisho ya Sheria ya Ushahidi ya 2016, mtoto mdogo anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi aahidi kusema ukweli. Huyu hata ahadi hiyo haijamtoka mdomoni.

Shauri linasikilizwa faragha. Afisa ustawi wa jamii amekaa naye mara kadhaa, na askari wa Dawati la Jinsia na Watoto alimpeleka kuuona ukumbi ukiwa mtupu. Siku ile alicheka, akakalia kiti cha karani. Alipomwona mshtakiwa tu, basi. Na wazee wa ukoo wanambana bibi yaishe kifamilia.

Naomba kujua: kuna aliyefanikiwa mtoto akatoa ushahidi nyuma ya pazia, na mwendesha mashtaka aliwasilishaje ombi? Na bibi tumsaidieje asishawishike kumhamisha mtoto? Tarehe ijayo ni baada ya wiki mbili.