Vim, Emacs au VS Code kwa anayetumia Windows, Mac na Linux?

Muulizaji
Ninafanya kazi kwenye Windows, kwenye Mac na kwenye seva ya Linux ninayoifikia kwa SSH pekee (njia salama ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali). Notepad++ niliyoizoea ni ya Windows tu, nami nimechoka kubadilisha kihariri kila nibadilishapo kompyuta. Naomba mnilinganishie vihariri vya maandishi vitatu: Vim, Emacs na VS Code.

Mchangiaji wa kwanza
Ndugu, kwa ajili ya seva hiyo jifunze Vim. Imekuwapo tangu 1991, huendeshwa ndani ya terminali (dirisha la kuandikia amri), na seva nyingi za Linux huwa tayari na vi, mtangulizi wake, au Vim yenyewe. Ugumu wake uko mwanzoni, kwa kuwa katika hali ya kawaida vitufe hutoa amri badala ya kuandika herufi. Mipangilio hukaa katika faili moja ya maandishi, .vimrc, ambayo Windows huipokea pia kwa jina la _vimrc. Iweke kwenye Git, mfumo wa kutunza matoleo ya faili, uichukue popote uendapo.

Mchangiaji wa pili
Mimi napendelea VS Code, ambayo husawazisha mipangilio kati ya kompyuta kupitia akaunti yako, na kiendelezi (programu ya nyongeza) chake cha Remote SSH hufungua faili za seva moja kwa moja. Hata hivyo, kiendelezi hicho husakinisha sehemu yake kwenye seva, na seva yenye kumbukumbu ndogo hulemewa. Emacs hufika huko kwa TRAMP, kifurushi chake cha kuhariri faili za mbali, bila kusakinisha chochote upande wa pili.

Mchangiaji wa tatu
Kihariri chochote utakachochagua, shughulikia kwanza miisho ya mistari. Windows humaliza mstari kwa herufi mbili zisizoonekana, CR na LF, ilhali Linux na Mac hutumia LF peke yake. Niliwahi kuhariri skripti ya Bash (faili ya amri za kuendeshwa na Linux) kwenye Windows, nikaipeleka kwenye seva, ikagoma: CR iliyobaki mwishoni mwa mstari wa kwanza iliufanya mfumo utafute programu isiyokuwapo, nami nilipoteza nusu siku nikikagua msimbo usio na kosa. Ndani ya Vim, andika `:set ff=unix` kisha uhifadhi. Kwa mradi mzima, weka faili ya .editorconfig, inayovipa vihariri kanuni za pamoja za uandishi, yenye `end_of_line = lf` na `charset = utf-8`; VS Code itahitaji kiendelezi ili kuisoma.

Muulizaji
Nashukuru sana. Nimekagua skripti zangu na kukuta mbili zenye CR. Nitatumia VS Code kwenye Windows na Mac, na Vim kwenye seva, .editorconfig ikiwa moja kwa zote.