Jioni mbili London: tutazame tamthilia zipi za muziki?

Binti Tanga

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Mwezi wa nane nitakwenda London na mama yangu mzazi pamoja na mwanangu wa miaka 10, na tumetenga fedha za kutazama tamthilia mbili za muziki katika kumbi za West End. Mama anapenda muziki wa vyombo vingi, kwani amekulia kwenye taarabu, lakini Kiingereza chake ni cha salamu tu. Mtoto anakifahamu vizuri. Nimesoma habari za The Lion King, Les Misérables, The Phantom of the Opera na Hamilton, na kila moja inasifiwa hadi nimeshindwa kuamua. Nisingependa mama akae karibu saa tatu akivumilia tu kwa sababu tumekwisha kulipa. Ninyi mliozitazama, mngechagua zipi, na kwa nini?

Mkazi wa Reading

Dada, mimi ningeanza na The Lion King bila kusita. Ipo katika ukumbi wa Lyceum tangu 1999, na sehemu kubwa ya kisa chake inaelezwa kwa macho. Twiga ni waigizaji waliopanda mironjo minne, miwili miguuni na miwili mikononi, na hutembea polepole jukwaani wakiwa wameinua shingo zile ndefu. Kinyago cha Mufasa, yule simba mfalme, hakifuniki uso, bali hukaa juu ya kichwa. Mwigizaji anapoinama kwa ghadhabu kinashuka mbele yake na unamwona simba, na anaponyooka unamwona tena mtu. Mwongozaji wake, Julie Taymor, hakutaka kuwaficha wanaowachezesha wanyama, na kwangu hilo ndilo linaloipa uzuri wake.

Tena nyimbo nyingi za kwaya, ambazo Lebo M wa Afrika Kusini alichangia pakubwa kuzitunga, zina maneno ya Kizulu na lugha nyingine za kusini mwa Afrika, kwa hiyo hata Mwingereza atakayeketi kando ya mama hatayaelewa, na bado atasisimka. Fikeni mapema, maana katika wimbo wa kwanza baadhi ya wanyama huingia kwa kupita katikati ya watazamaji, na anayechelewa husubirishwa mlangoni. Viti vya chini vilivyo kando ya njia ndivyo ningewatafutia.

Mpenda Jukwaa, Mombasa

Naunga mkono hilo. Kuhusu ya pili, Hamilton ni kazi kubwa sana, lakini naomba umwondolee mama mzigo huo: karibu kisa chote cha waasisi wa Marekani kimebebwa na maneno ya kufokafoka, mengi na ya haraka, na asiyeyafuata hupoteza kiini chenyewe.

Mimi ningempeleka kwenye The Phantom of the Opera, katika ukumbi wa His Majesty's, ambako imekuwa ikichezwa tangu 1986. Kisa kinafuatika: mtu anayeishi chini ya jumba la opera la Paris, aliyeficha uso wake nyuma ya kinyago, anampenda mwimbaji kijana ambaye naye anapendwa na mwingine. Penzi, wivu na sauti nzuri. Mtu wa taarabu hahitaji mkalimani hapo. Taa kubwa ya vioo huinuliwa mwanzoni huku kinanda kikinguruma, na mwishoni mwa sehemu ya kwanza huanguka kuelekea jukwaani.

Mwalimu wa Fasihi

Samahani, lakini Les Misérables isiachwe kirahisi hivyo. Ni kweli kwamba inaimbwa karibu mwanzo hadi mwisho na inakaribia saa tatu, ila ina nyimbo za pamoja zinazomshika hata asiyejua neno moja. Mama akisimuliwa kisa usiku uliotangulia, kuanzia mfungwa aliyeiba mkate hadi vijana wanaojenga vizuizi barabarani, atafuata. Kama hakuna atakayepata nafasi ya kumsimulia kwa utulivu, basi nakubali, chukueni The Phantom of the Opera.

Mkazi wa Reading

Niongeze la viti, kwa kuwa ndilo linaloharibu jioni za wengi. Kumbi nyingi za West End ni majengo ya zamani. Ghorofa za juu zina ngazi nyingi na mteremko mkali, na si kila ghorofa inafikika kwa lifti. Mnunulieni mama kiti cha chini, lakini si safu za nyuma kabisa, kwa sababu roshani hufunika sehemu ya juu, na kwenye Phantom mtaikosa taa ile. Tiketi iliyoandikwa kwamba mtazamo wake una kizuizi ni rahisi kwa sababu hiyo hasa. Kibanda cha TKTS pale Leicester Square huuza tiketi za punguzo, lakini Agosti shule zimefungwa na familia ni nyingi, hivyo kwa viti vitatu vya pamoja ningelipia mapema. Siku kadhaa za wiki huwa na onyesho la mchana, aghalabu saa nane na nusu, linalowafaa wazee na watoto kuliko la usiku. Msiziweke zote mbili siku moja.

Binti Tanga

Nawashukuru sana, na kwako Mwalimu, shikamoo. Tutatazama The Lion King mchana, tupumzike siku nzima inayofuata, kisha twende Phantom. Les Misérables nitaitazama peke yangu, mama akipenda kubaki na mjukuu wake jioni moja.